Sahani Hairudi Tupu

Mkesha wa Idi ukishuka kwenye matatu Mambrui, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya iliki. Mji ni mdogo, ng'ambo ya Mto Sabaki ukitokea Malindi, na jioni hiyo karibu kila nyumba inachoma vileja. Mwaka huu nilirudi. Idi tatu zilizopita nilikuwa Nairobi, najifanya kazi zimenibana. Ukweli ni kwamba niliacha chuo mwaka wa pili, na karo yangu ya kwanza ilitokana na mchango wa mji huu: wazee wa msikitini, akina mama wa chama, hata muuza samaki. Sasa watu kama hao unawarudia vipi mikono mitupu?

Bibi hakuniuliza kitu. Aliniambia tu mkono wake hauwezi tena kupiga samli, niwafundishe watoto. Walikuwa wanne, wawili wa dada yangu na wawili wa jirani, mkubwa wao ana miaka 12.

Vileja havitaki haraka. Samli na sukari unazipiga hadi ziwe nyeupe na nyepesi, na hapo ndipo mtoto anaanza kusingizia haja ndogo. Iliki unaitwanga pamoja na sukari kidogo ili isagike vizuri. Halafu mayai, zaafarani kama mfuko unaruhusu (wetu haukuruhusu), na unga wa mchele. Unga huu hauna mnato wa ngano, kwa hivyo donge ukilibana vibaya linapasuka, na kileja kikiiva kinamung'unyika chenyewe mdomoni. Unachoma kwa makaa, chini na juu, ya juu yakizidi. Trei ya kwanza tuliiunguza. Bibi akacheka, akasema hiyo ni ya wapishi. Tukaila.

Shida ilianza kwenye sahani. Kwetu, kabla ya Idi unapelekea majirani sahani, na sahani hairudi tupu. Ukipewa vileja unarudisha visheti, au mkate wa sinia, au chochote ulicho nacho. Mdogo wa dada yangu, miaka 9, akashika sahani ya nyumba ya mwisho mtaani akasita.

"Anti, yule mama hana kitu. Atarudisha nini? Si tunamtia aibu?"

Akapendekeza tumpelekee kwenye mfuko wa karatasi, kusiwe na cha kurudisha. Nikasema moyoni, manze, huyu ananishinda akili.

Kabla sijaacha chuo nilimsoma Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika mwaka 1925 kwamba zawadi inakuja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, kurudisha. Nilimwelewa upesi, maana nimekulia kwenye sahani. Lakini alinikera pia. Kama ni hivyo, basi zawadi ni mkopo uliofunikwa kawa. Na dini yenyewe inajua kutoa bila sahani: zaka ya fitri, pishi ya chakula kwa kila kichwa nyumbani, inatolewa kabla ya swala ya Idi, na anayepokea hadaiwi kitu. Kwa nini vileja visiwe hivyo?

Nikamuunga mkono mtoto. Bibi akakataa katakata.

"Ukimpelekea kwenye karatasi umemwambia yeye kwako si jirani tena, ni maskini. Fitri yake ataipata. Hii ni sahani."

Bado nina hoja ya kumjibu. Aibu ya kutafuta cha kurudisha ni ya kweli, nimelala nayo miaka mitatu kwenye chumba cha kupanga. Ila nikikumbuka miaka hiyo, walioniuma zaidi sio wale waliopiga simu kuuliza masomo yanaendaje. Ni pale walipoacha kuuliza. Kuna huruma nyingine inakufuta kwenye daftari kabisa, yaani hata deni huna, kwa sababu hakuna anayekutarajia.

Sahani ikapelekwa. Ilirudi baada ya isha na ndimu tatu na majani ya mchaichai. Bibi akazinusa ndimu, akasema achari ya kesho imepata mwenyewe. Mtoto hakuridhika. Alisema huenda zile ndimu zilikuwa za kuuza. Sikuwa na jibu, na nadhani Bibi hakuwa nalo pia. Alimwambia tu aongeze makaa.

Asubuhi nilienda kumpa mkono wa Idi mzee aliyesimamia ule mchango wangu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Shikamoo, marahaba, nikamiminiwa kahawa chungu, kisha mzee akatoa simu yake. Kuna fomu ya serikali imemhangaisha mwezi mzima, na "wewe umesoma."

"Mzee, mimi sikumaliza."

"Sikukuuliza hilo. Kaa."

Mtandao ulikuwa mbovu. Fomu ilituchukua hadi adhuhuri, na vileja vya kwao, lazima nikiri, vilikuwa vizuri kuliko vyetu.