Jua la Ijumaa na Ujira wa Kibarua

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 16:22–30; 20:8–11; Kumbukumbu la Torati 5:12–15; 24:14, 15; Isaya 58; Mathayo 20:1–16; Luka 14:1–6.

Nina umri wa miaka 52. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasulu, mke, na mama wa watoto wanne, wawili wakiwa bado nyumbani. Nilizaliwa Kibondo. Kama ilivyo kwa wengi wetu katika nyanda hizi za juu za Kigoma, mshahara hautoshi bila shamba, na shamba halilimiki bila kibarua. Sabato nimeitunza tangu utoto. Ninayoyaandika hapa yanahusu Ijumaa moja ya mwishoni mwa Novemba, wakati wa palizi ya mahindi, ambayo mpaka leo sijaimaliza moyoni.

Kila mama anayesoma lesoni hii anaijua Ijumaa. Unatoka kazini, maharage hayajaiva, nguo za kanisani hazijapigwa pasi, maji hayatoshi, na mtoto mmoja amepoteza kiatu. Sisi wa magharibi tuna nafuu kidogo, kwa maana jua la kwetu huzama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Ndugu yangu anayeishi huko hunipigia simu kunitakia Sabato njema nami ningali na ndoo mkononi. Hata hivyo nusu hiyo ya saa haijawahi kunitosha.

Siku hiyo tulijitahidi. Jua lilipogusa kilima tulikuwa tumekwisha kukaa, sebule imefagiwa, watoto wameoga. Tukaimba, mume wangu akasoma Neno, tukapiga magoti. Tulipoinuka nikamwona kijana aliyekuwa akitupalilia shamba amesimama nje ya ua, jembe begani, kofia mkononi. Alikuwa amesikia wimbo, akavua kofia na kungoja mpaka tuseme amina. Alikuwa amemaliza ngwe yake ya mwisho siku ile, na nilikuwa nimemwahidi fedha yake atakapomaliza. Katika mbio zangu nilisahau.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Ila umekuta Sabato imeshaingia, nasi hatushiki fedha. Njoo Jumapili asubuhi, nitakupa yote.”

“Haya, mama. Hakuna shida.” Akavaa kofia, akaondoka.

Nilirudi ndani nikiwa na amani. Naliandika neno hilo kwa makusudi. Nilijisikia nimelinda mpaka wa Sabato mbele ya watoto wangu. Kisha binti yangu wa miaka 11 akauliza, akiwa anapanga sahani, “Mama, na yeye leo atakula nini?” Nikamjibu kwamba Mungu atampa. Mume wangu alinitazama, asiseme neno. Tukala ugali wa muhogo, maharage na dagaa, na chakula kikawa kingi hata kikabaki.

Usiku nilitaka kumpelekea hicho kilichobaki. Ndipo nilipotambua kwamba sijui anakolala. Nilijua anatoka upande wa Kibondo, nilijua ngwe zake kwa hatua, nilijua anapenda kuanza kazi kabla ya umande kukauka. Alikopanga chumba, na kama alikuwa na mke au mtoto aliyekuwa akimngoja, sikuwa nimeuliza.

Soma Kumbukumbu la Torati 24:14, 15. Je, ni saa gani ya siku inayotajwa pale, na kwa sababu gani?

Mimi nilikuwa nimelisoma fungu hilo mara nyingi bila kuona kwamba linazungumza juu ya jua lilelile ninalolikimbilia kila Ijumaa. Musa anaagiza kwamba maskini aliyefanya kazi alipwe siku iyo hiyo, jua lisije likachwa kabla hajapata, kwa kuwa moyo wake umeutegemea ujira huo. Asije akamlilia Bwana, nawe ukahesabiwa dhambi. Basi jua la Ijumaa lina amri mbili juu yake. Moja inaniambia niache kazi zangu. Nyingine inaniambia kwamba kabla sijaziacha kuna mtu ninayedaiwa naye. Mimi nilishika ile ya kwanza na kuifanya kuwa ngao dhidi ya ile ya pili.

Jambo hili tulilizungumza darasani kwetu Sabato iliyofuata, nilipopata ujasiri wa kulisimulia. Ndugu mmoja alisema ningemlipa palepale, akatoa mfano wa Bwana wetu juu ya ng’ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Dada mmoja mzee akatikisa kichwa. Alisema ng’ombe hutumbukia kwa ajali, bali deni langu lilitumbukia kwa usahaulifu wangu tangu saa nane mchana, na mtu asifanye mazoea ya kusahau Ijumaa kisha kuomba ng’ombe amtetee. Kijana mmoja aliuliza kama kurusha fedha kwa simu ni kushika fedha, na hapo darasa likapotea kwa dakika kumi. Mimi naona wote wawili walisema kweli, ndugu yule na dada yule. Nilikosa mchana, lakini jioni, kosa likiwa limekwisha kufanyika, mtu mwenye njaa alikuwa amesimama mlangoni na fedha yake imo kabatini mwangu. Haikuwa hata fedha yangu. Kumpa kilicho chake kusingekuwa biashara. Hivyo ndivyo ninavyoamini leo. Wengine wenu mtaona tofauti, na ni vema darasa lijadili.

Jumapili alikuja. Nikamlipa, nikamwomba msamaha, nikamwambia kwamba nilisahau na kwamba haikuwa haki. Akacheka kwa aibu, akaangalia chini. “Mama, mimi nilidhani hela haipo. Watu wengine wakikosa hela husema mgonjwa kalazwa, au mwenye funguo kasafiri. Nikajua ninyi mnasema Sabato.”

Sijawahi kusikia hubiri lililonichoma kama maneno hayo, naye hakukusudia kunichoma. Kwake yeye, Sabato ya Bwana ilikuwa imekuwa udhuru mmojawapo wa watu wasiolipa.

Nikaanza kufikiri upya juu ya amri ya nne. Haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inahesabu watoto, watumishi wa kiume na wa kike, hata wanyama, na mgeni aliye ndani ya malango. Sisi wa Kasulu na Kibondo neno mgeni hatulisomi kama jambo la mbali. Warundi walitukimbilia mwaka 1972, wakaja tena 1993. Wakongo walipokelewa Nyarugusu kuanzia 1996. Na mwaka 2015 kambi ya Nduta ilifunguliwa tena kwa ajili ya Warundi. Kiha na Kirundi husikilizana, hata mtu akikusalimu njiani huwezi kujua mara moja ni mgeni au ni jirani. Tumezoea kujisifu kwamba malango yetu yako wazi. Amri yenyewe inauliza habari za ndani ya malango: nani anapumzika humo, na anapumzikaje.

Katika Kutoka 20 sababu ya Sabato ni uumbaji. Katika Kumbukumbu 5 Musa anaongeza sababu nyingine: mtumishi wako apumzike kama wewe, nawe ukumbuke ulikuwa mtumwa Misri. Mimi sikukaa Misri, lakini marehemu baba yangu alikwenda Tanga. Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa Buha walichukuliwa kwenda kukata mkonge, wakaitwa manamba, kwa sababu kule mtu alijulikana kwa namba yake. Baba alitusimulia habari za kipande. Ilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku uliyofanya kazi ilitiwa alama, na malipo yalikuja kadi ilipojaa. Siku ya kuugua haikutiwa alama. Siku ya kupumzika haikutiwa alama. Alisema kwamba huko alijifunza kuiogopa siku ya mapumziko, kwa kuwa ilikuwa siku ya kula bila kuhesabiwa.

Nilimsikia baba akisema hivyo mara nyingi, nikamhurumia. Sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu anayeiogopa Sabato yangu kwa namna iyo hiyo.

Hebu tulitazame vizuri. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nikipumzika Sabato, mshahara wa mwisho wa mwezi haupungui hata senti. Sabato yangu inalipwa. Kijana yule nikimfungia shamba Jumamosi, hapati kitu. Kwa hiyo anafanya nini? Anakwenda kulima kwa jirani asiyetunza Sabato, naye ana haki, kwa sababu tumbo halijui ni siku ya ngapi. Kisha mimi huketi kanisani nikisema kwamba katika shamba langu hakuna anayefanya kazi siku ya Bwana. Ni kweli kwa habari ya shamba. Kwa habari ya mtu, si kweli.

Soma Kutoka 16:22–30. Ni nini kilichotangulia, agizo la kukaa nyumbani siku ya saba au chakula cha kuwawezesha kukaa?

Siku ya sita mana ilipatikana maradufu. Wazee walishangaa, wakaenda kwa Musa, naye ndipo akawaeleza kwamba kesho ni starehe takatifu. Chakula kilikuwa kimekwisha kuingia hemani kabla watu hawajaambiwa wasitoke. Tumezoea kulitumia fungu hili kuonyesha kwamba Sabato ilikuwepo kabla ya Sinai, nasi tunafanya vema. Lakini nilipolisoma tena mwezi ule niliona Mwajiri ambaye hakumwagiza mtu apumzike na njaa.

Na Isaya 58 je? Mafungu ya 13 na 14 tunayakariri tangu darasa la watoto. Ni wangapi kati yetu tunaokariri fungu la 3? Hapo watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu haoni, naye anawajibu kwamba siku ya kufunga kwao wanatafuta mapenzi yao wenyewe na kuwalemea wafanyakazi wao. Ni sura ileile. Nabii hakufika kwenye furaha ya Sabato bila kupita kwanza kwa mfanyakazi, na kwa mwenye njaa wa fungu la 7.

Nilimweleza mume wangu kwamba nataka kila Ijumaa tumlipe kibarua kabla sijawasha moto wa kupikia Sabato, na juu ya ujira wake tumpe kilo ya maharage na unga wa kutosha siku moja. Mume wangu ni mtu wa hesabu. Alikubali la kwanza mara moja. Juu ya la pili aliuliza maswali mazuri: Vipi mwaka mahindi yakikosa mvua? Na wakija watano? Na tukiisha kumpa, akienda kulima kwa jirani vilevile, tutamdai maharage yetu? Nilimjibu hilo la mwisho tu. Nilisema hatutamdai, kwa kuwa mshahara wangu haukunilazimisha kuitunza Sabato. Ulinipa nafasi tu. Hayo mengine bado hatuna jibu. Mwaka jana mvua ilikatika mapema, na kwa majuma matatu tulitoa nusu kilo. Binti yangu alipima kwa kopo, akaniuliza kama nusu kilo inatosha. Nikasema haitoshi.

Kijana yule hakuwa Msabato, wala hajawa. Alikuja kanisani mara mbili, akakaa nyuma. Zipo Jumamosi ambazo najua alikwenda kulima kwingine, na zipo ambazo alilala tu, akaniambia Jumapili kwamba amelala mpaka saa nne, kama mtu anayesimulia safari. Sasa najua anakopanga. Ni chumba cha pili ukivuka kijito, karibu na mikaratusi, na ana mtoto wa kike anayeanza kutambaa.

Ijumaa iliyopita nilichelewa kutoka shuleni tena. Nilipofika nyumbani maharage yalikuwa bado magumu na pasi haijaguswa. Nikamkuta binti yangu mlangoni, fedha imefungwa kwenye leso, kopo la unga kwapani, ananing’ang’ania nimruhusu aende kwanza. Jua lilikuwa bado juu ya mikaratusi. Nikamwambia akimbie.