Nyota Moja ni ya Nani?

Si unajua zile picha za hoteli za mtandaoni? Nilizifuata hadi Mombasa. Bomba lilitema maji ya kutu, feni ikapiga kelele usiku kucha, na chai niliyoagiza saa moja asubuhi ikafika saa tatu. Nikamwakia mhudumu. Akajibu polepole, "Samahani, kaka. Leo mimi ndiye mapokezi, ndiye mpishi, ndiye wa vyumba."

Nilinyamaza. Mwaka 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu Mombasa, hoteli nyingi za Pwani zilipunguza wafanyakazi. 2020, korona ikaongezea. Lakini picha za uongo haziletwi na korona. Kuna mtu aliamua kuziacha pale.

Basi, niandike nyota moja? Nikikaa kimya, nitakuwa nimemdanganya mgeni ajaye, na pesa yake ni ya jasho kama yangu. Nikilalamikia huduma tu, atakayefutwa ni yule wa chai. Ukweli ukimwangukia asiye na kosa, bado ni haki?

Niliandika nyota moja. Nikataja bomba, feni, picha, na mtu mmoja kufanyishwa kazi ya watatu. Kisha nikashuka kumwomba radhi. Hilo ndilo lililonichukua muda.