Ni Nani Mwenye Haki ya Kuamrisha Vita?

Ndugu msomaji, ikiwa waishi Kasanda au popote katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, huna haja ya kuelezwa vita ni nini. Mwaka 1972, na tena mwaka 1993, watu wa Burundi waliingia mkoani Kigoma wakikimbia mauaji. Na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Basi yafaa tuulize: je, amri ya vita iwe mkononi mwa mtu mmoja, au ya wengi?

Wako wasemao kwamba adui hangoji kikao. Hoja hii ina nguvu. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Rais Nyerere alilitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba mvamizi atapigwa. Hapana mwenye akili atakayesema kwamba ingalipasa kuhesabu kura kwanza huku raia wakiuawa. Lakini kumfukuza mwizi nyumbani mwako ni jambo moja, na kumfuata mpaka kwake ni jambo jingine. Mapema mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yalivuka mpaka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa. Hata yule aonaye kuwa hatua hiyo ilikuwa ya haki hawezi kudai kwamba wakati wa kushauriana haukuwapo. Dharura huhalalisha kujikinga. Haihalalishi kila linalofuata.

Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 44, yampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, kisha yamtaka apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, na Bunge liitwe katika siku 14 kufikiri kama litaliunga mkono. Katiba ya Kenya ya 2010 yataka idhini ya Bunge katika kutangaza vita. Ya kwanza yachunga wepesi wa kujikinga, ya pili yachunga uzito wa damu. Lakini shauri liulizwalo baada ya risasi kulia ni vigumu kuwa huru, kwani nani atapenda kuonekana amewaacha askari wake?

Huenda ukasema: wengi nao hukosea. Ni kweli. Kabla ya vita vya Uhud, Mtume Muhammad s.a.w. alionelea kubaki Madina; wengi wakataka kutoka, naye akawafuata, na siku hiyo Waislamu walipata msiba mkubwa. Hata hivyo, Sura ya Aal Imran, izungumzayo juu ya vita hivyo hivyo, haikuondoa mashauriano, bali ilimwamuru awasamehe na ashauriane nao, na akishaazimia amtegemee Mungu.

Hapa, ndugu msomaji, pana mizani tunayoitafuta. Shauri ni haki ya wale watakaotoa wana wao, hata kama hawana hakika ya kupatia. Na baada ya shauri, kiongozi hupewa nafasi ya kutenda bila kuyumba. Akosaye la kwanza hudhulumu watu wake. Akosaye la pili huwaangamiza.

Mwenyezi Mungu awajaalie watawala masikio ya kusikia, na wawakilishi ujasiri wa kusema. Amin.