Kushoto kwa Nani?

Kijana mmoja wa hapa Manundu alitujia juzi na simu yake, uso umejaa furaha. Alikuwa amejibu maswali 62 ya mtihani wa siasa uitwao Political Compass, ulioko katika intaneti tangu mwaka 2001, nao ukamwekea nukta moja ndani ya mraba. "Tazama, Padre, kumbe mimi ni mtu wa kushoto." Tulimwuliza: Kushoto kwa nani? Hakuwa na jibu.

Msomaji mpenzi, kushoto huko na kulia huko vilizaliwa Ufaransa mwaka 1789, wajumbe wa baraza walipogawanyika viti: wenye kumtetea mfalme kulia, wenye kutaka apunguziwe mamlaka kushoto. Mtihani huu umeongeza mstari wa pili, wa mamlaka na uhuru, nao wastahili sifa kidogo kwa hilo. Lakini mtu huulizwa humo kama akubali kwamba ardhi isiwe bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, na akikubali husogezwa kushoto. Sasa, mzee wa Handeni akikubali, amesema nini? Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Huenda mzee asema yaliyomo katika sheria tu. Huenda ayastahi makaburi ya babu zake, jambo ambalo Ulaya wangeliita la kulia! Na jirani yake, aliyehamishwa kwa nguvu hadi kijiji cha ujamaa katika miaka ya 1970, aweza kulikubali neno lilo hilo kwa kuwaogopa matajiri, au kulikataa kwa kuikumbuka nyumba aliyoiacha.

Twakumbuka Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 iwaulize wananchi kama wataka chama kimoja au vingi. Katika kila watu mia, karibu themanini walitaka kimoja. Kama kazi ingalikuwa kuhesabu tu, ingalikwisha hapo. Lakini wajumbe walikuwa wamewasikiliza watu wakijieleza, wakaona kwamba wengi wa hao themanini walidai mabadiliko ambayo chama kimoja kisingeweza kuyachukua. Wakapendekeza vyama vingi, navyo viliruhusiwa mwaka 1992. Wako wasemao kwamba walio wengi walipuuzwa, na hoja yao si ya kudharauliwa: anayedai kujua alichokusudia mwenziwe kuliko alichotamka ajitwalia madaraka makubwa. Ila wajumbe wale walitoa sababu zao, na mtu aliweza kuzipinga. Nukta katika simu haitoi sababu.

Tulimwomba kijana aiweke simu kando, atueleze mashamba ya mkonge yafaa yawe ya nani. Akaanza kwa kusema yataifishwe tena kama mwaka 1967. Kisha akakumbuka masimulizi ya babu yake, jinsi magugu yalivyoyafunika baadaye, akasita. Akamfikiria mkata mkonge na ujira wake, akaanza upya kwa njia nyingine. Chai ilipoa tungali pale.