Khalwa Isiyo na Mlango

Ndugu zangu, sijawahi kukanyaga theluji. Iliyo karibu nasi iko juu ya milima ya Rwenzori, nami naijua kwa picha tu. Hata hivyo, muhula uliopita nilitembea thelujini karibu kila usiku, nimelala kitandani hosteli, hedifoni masikioni.

Muziki wenyewe ni wa Paysage d'Hiver, kazi ya mtu mmoja wa Uswisi anayejiita Wintherr, aliyeianza mwaka 1997. Ni tawi la blaki metali: magitaa yanavuma kama dhoruba, ngoma zinakimbia, na kwa mbali mtu anapiga mayowe usiyoweza kushika maneno yake. Rekodi zake zinafuata safari ya msafiri katika nchi ya baridi. Albamu ya Im Wald, yaani Msituni, ya mwaka 2020, inachukua takriban saa mbili. Ukiimaliza gizani, unahisi akili imeanza kulegea, na unapenda ilegee.

Najua mtakachouliza kwanza. Suala la ala za muziki wanazuoni wamelijadili kwa kirefu, sina jipya la kuongeza. Tena Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya wapigaji wa blaki metali walichoma makanisa. Lakini kilichonidhuru mimi ni kingine: niliuita upweke ule khalwa.

Mwenzangu wa chumbani aliponiamsha kwa Alfajiri, nilimjibu kwamba natafakari, na kwamba hata Mtume (s.a.w.) alijitenga Hira. (Mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu hakosi dalili ya uvivu wake.)

Aibu ilinipata tuliposoma tena hadithi ya kuanza kwa wahyi. Mtume alikwenda pangoni na masurufu, yakiisha, anarudi kwa Bi Khadija (r.a.) kuchukua mengine. Na jambo zito lilipomshukia, alirudi nyumbani akitetemeka, akaomba afunikwe, akasema anaihofia nafsi yake. Hofu ile hakubaki nayo mlimani. Bi Khadija naye alimtulizaje? Alimtajia kuunga udugu, kuwabebea wanyonge mizigo yao, kukirimu wageni. Hakuna hata moja katika hayo linalotendeka peke yako.

Imamu Ghazali naye aliiacha Baghdad mwaka 1095, baada ya ulimi wake kukataa kusomesha, akajitenga miaka mingi. Lakini katika Ihyaa aliipima uzla kwa faida zake na madhara yake, na mwaka 1106 alirudi kufundisha, Nishapur.

Msafiri wa msituni hadaiwi salamu na mtu. Hana mgonjwa wa kumtembelea wala jeneza la kusindikiza. Hapo ndipo penye utamu wake, nami niliuonja: baridi ile ilikuwa inanisamehe haki za watu. Wiki nzima mwenzangu aliugua malaria, kitanda cha pili, nami nikadhani amelala tu.

Alipopona hakunilaumu. Juzi aliniuliza yule mtu analilia nini, nikampa hedifoni. Alisikiliza dakika mbili, akaivua.

"Huyu anahitaji chai, akhi," akasema.

Tukashuka kantini.