Kilatini au Lugha Hai: Suala la Maadili katika Uteuzi wa Lugha Shuleni

Suala la lugha ipi ya kigeni afundishwe mwanafunzi wa shule ya upili huchukuliwa aghalabu kuwa suala la ratiba na upatikanaji wa walimu. Kwa hakika ni suala la maadili. Mtu mzima humteulia mtoto watu atakaoweza kusemezana nao na vitabu atakavyoweza kuvisoma, ilhali mtoto hana sauti katika uteuzi huo. Historia ya Nairobi inatoa mfano ufaao wa kulichunguza suala hili.

Katika vitongoji vya magharibi mwa jiji, serikali ya kikoloni ilianzisha shule mbili kwa ajili ya wavulana wa Kizungu: Prince of Wales, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo leo ni Nairobi School, na Duke of York, ya mwaka 1949, ambayo leo ni Lenana School. Zote ziliiga shule za bweni za Uingereza, ambako Kilatini kilikuwa alama ya elimu bora. Sababu haikuwa ya kiakili tu. Hadi karibu na mwaka 1960, vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilidai ujuzi wa Kilatini kwa waliotaka kuingia. Sharti hilo lilipoondolewa, watetezi wa Kilatini walibakiwa na hoja mbili kuu: kwamba lugha hiyo hunoa akili, na kwamba ni chimbuko la msamiati wa kitaalamu wa Kiingereza.

Hoja hizo zina uzito, lakini zikipimwa katika darasa la Nairobi zinaelekea kwingine. Kinachonoa akili katika Kilatini ni, kwa sehemu kubwa, upatanisho: kivumishi kuifuata nomino katika jinsia, idadi na uhusika. Mwanafunzi wa Kiswahili anayo mazoezi ya namna hiyo katika ngeli, iwapo atafundishwa kwa ukali uleule. Kuhusu chimbuko, Kiingereza kimuundo ni lugha ya jamii ya Kijerumani iliyokopa mno kutoka Kilatini. Vivyo hivyo, Kiswahili kimuundo ni lugha ya Kibantu iliyokopa mno kutoka Kiarabu. Anayetaka kuusoma Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, au Al-Inkishafi, atanufaika na Kiarabu kama msomaji wa Milton anavyonufaika na Kilatini. Tena Kiarabu kina mamilioni ya wasemaji, na kimekuwa kikitahiniwa katika KCSE pamoja na Kifaransa na Kijerumani.

Ipo hoja ya tatu, iliyo nzito zaidi. Lugha hai haziji mikono mitupu. Katikati ya jiji ipo Alliance Française. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi ipo, tangu mwaka 2005, Taasisi ya Confucius. Nyuma ya kila moja ipo dola yenye maslahi yake. Kilatini, husemwa, hakina dola inayotafuta soko wala wafuasi. Kwa hiyo anayekifundisha hamwuzi mtoto kwa mtu yeyote.

Hata hivyo, uhuru huo umepatikana kwa kifo cha wasemaji. Mwanafunzi wa Kilatini hana mtu wa kumkatiza akamwambia kwamba hivyo sivyo wanavyosema wenyewe, wala sivyo wanavyoishi. Mambo ni tofauti kwa mwanafunzi wa Kifaransa. Mzazi wake huenda alimwazia Paris, lakini mtu wa kwanza kumjibu aweza kuwa Mkongo au Mrundi anayeishi Nairobi, mwenye Kifaransa na historia ambavyo mzazi hakuvikusudia. Lugha hai humpa mtoto mashahidi wengine zaidi ya aliyemteulia. Hapo ndipo ulipo ubora wake wa kimaadili, kuliko katika ajira inayoahidiwa.

Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354, anathibitisha jambo hili bila kulikusudia. Katika Maungamo anasimulia kwamba Kilatini alikipata utotoni, kwa bembelezo na michezo ya walezi, ilhali Kigiriki, alichofundishwa shuleni kwa vitisho, alikichukia. Mwafrika huyu aliyekuja kuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa Kilatini alikipenda kwanza kama lugha ya watu waliokuwa wakimjibu.

Haifuati kwamba Kilatini hakina mahali. Bila hicho, maandishi ya Augustino mwenyewe, pamoja na sehemu kubwa ya kumbukumbu za Kanisa na sheria ya Kirumi, hubaki mikononi mwa wafasiri. Hasara hiyo ni ya kweli, na ingefaa ifidiwe chuo kikuu, ambako mwanafunzi hujiteulia mwenyewe na kubeba mzigo wa uteuzi wake. Anayejiteulia ana haki ya kwenda kwa wafu. Anayemteulia mtoto ana wajibu wa kumpeleka kwanza kwa watu wanaoweza kumsahihisha mtoto, na kumsahihisha mteuzi pia.