Mgeni, Jembe na Kiti cha Baraza



Wazee walituachia neno hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulishika neno hili kama fimbo ya kumfukuzia mgeni, yaani, umekwisha kula vya kutosha, sasa inuka ulime, au ushike njia yako. Lakini tukilitazama vema twaona maana nyingine ndani yake. Ni nani apewaye jembe nyumbani mwa mtu? Si mwombaji asimamaye mlangoni. Jembe hupewa mtoto wa nyumba. Basi siku ya tatu mwenyeji amwambia mgeni wake: tangu leo wewe si mtu wa kulishwa tu, u mtu wetu, na mavuno ya shamba hili yatakuwa na jasho lako pia.

Hapo ndipo lilipo swali letu la mwezi huu. Mtu aliyehamia kwetu tumpende kwa njia gani? Je, yatosha kumpa chakula na nguo, au twadaiwa kumpa na kazi, tena na nafasi ya kusema katika shauri? Tutatafuta jibu kwa mfano wa mbali, ili asiwepo mtu wa kudhani kwamba twamnyoshea kidole yeye au usharika wake.

Katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani, palikuwa na mtaa wa maskini kando ya barabara ya Halsted. Humo walikaa watu waliovuka bahari kutafuta riziki: Waitalia, Wajerumani, Wayahudi wa Urusi na Poland, Wabohemia na wengineo. Pamoja nao walikuwapo Waairishi waliotangulia kufika, ambao watoto wao walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji. Mwaka 1889 wanawake wawili wenye elimu, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walihamia mtaa huo, wakakaa katika nyumba kubwa ya zamani iliyoitwa Hull-House. Bibi Addams alikuwa ameona huko London nyumba ya namna hiyo, Toynbee Hall, iliyoanzishwa mwaka 1884, ambamo wasomi walikaa kati ya maskini. Hull-House haikuwa ofisi ya serikali, wala haikutafuta faida. Ilikuwa nyumba ya ujirani, ambamo wenyeji na wahamiaji walikutana kusoma, kulea watoto, na kushauriana juu ya mambo ya mtaa wao.

Hapo mwanzo wenye nyumba walidhani kwamba wao ndio watoaji, na jirani zao ndio wapokeaji. Kwa nia njema walifungua jiko, wapate kuwauzia watu kwa bei ndogo chakula kilichopimwa kwa elimu, chenye kuujenga mwili. Lakini majirani hawakukifurahia. Mwanamke mmoja alikiri kwamba chakula kile kina nguvu, ila alisema yeye apenda kula akipendacho mwenyewe. Tusicheke. Waliokipika walikuwa wamepima kila kitu, ila hawakuwa wamewauliza walaji.

Habari ya takataka ilikwenda kwa njia nyingine. Taka zilijaa vichochoroni, na watu wengi walikufa katika kata ile. Jambo hili likazungumzwa katika chama cha wanawake cha Hull-House. Wengi wa wanachama walikuwa wanawake wa asili ya Airishi, na vifo havikuzidi katika njia walizokaa wao, bali katika makao ya wahamiaji wapya. Wangaliweza kusema: hayo si yetu. Walakini 12 miongoni mwao walikubali kutoka pamoja na wakazi wa Hull-House, jioni tatu kila juma, wakati wa joto kali, kukagua vichochoro visivyokuwa vyao. Katika miezi miwili, Agosti na Septemba, taarifa 1,037 za kuvunjwa kwa sheria zilipelekwa kwa idara ya afya. Mwaka 1895 Bibi Addams mwenyewe aliwekwa kuwa mkaguzi wa taka wa kata ile, akawa huamka alfajiri kuyafuata magari ya taka. Tazameni tofauti iliyopo. Jikoni mmoja alitoa na mwingine alipokea. Vichochoroni wote walishika jembe moja.

Tena kuna habari ya mwaka 1900. Bibi Addams aliona kwamba watoto wa wahamiaji, wakiisha kujua Kiingereza na kazi za viwanda, huwaonea haya wazazi wao. Akafungua chumba cha makumbusho ya kazi, ambamo wazee wa Kiitalia, wa Kirusi na wa mataifa mengine walionyesha ufundi wao wa kusokota nyuzi na kufuma kama ulivyokuwa kwao. Msichana mmoja alizoea kuingia kwa mlango mwingine ili asionekane pamoja na mama yake, aliyevaa kitambaa kichwani kwa desturi ya kijijini. Siku alipoona watu wakiyastaajabia mapindo ya mikono ya mama yake, wakimwita fundi, alianza kuingia naye kwa mlango mmoja. Mama yule hakupewa kitu kipya siku ile. Aliombwa kutoa alichokuwa nacho.

Ndugu, kutoa ni kwema, lakini kuna hatari yake. Mtu atoaye siku zote bila kupokea neno kwa mwenziwe, polepole aanza kuuhitaji umaskini wa mwenziwe, maana bila umaskini huo wema wake hautaonekana. Sisi tuliofundishwa katika kanisa la Luther twajua kwamba hatuhesabiwi haki kwa matendo yetu. Yote tumekwisha kupewa bure kwa neema. Kwa hiyo hatuna haja ya kumfanya jirani kuwa ngazi ya kupandia mbinguni. Twaweza kumtazama kwa ajili yake mwenyewe, tukamwuliza maswali mawili: wahitaji nini? Tena, una nini? Swali la kwanza wengi huliuliza. La pili huulizwa na wachache.

Kanisa la kwanza lilijaribiwa katika jambo hili hili, nasi twalisoma katika Matendo ya Mitume, mlango wa sita. Waumini wenye lugha ya Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao husahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wangaliweza kuwaongezea wajane wale mikate, na manung'uniko yangalitulia kwa muda. Hawakufanya hivyo tu. Waliliita kusanyiko lote, wakachaguliwa watu saba waangalie huduma hiyo. Yasomeni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote saba ni majina ya Kiyunani! Tena huyu wa mwisho hakuzaliwa Myahudi. Walionung'unika juu ya meza walikabidhiwa meza. Nalo Neno la Mungu likazidi kuenea.

Mtu atasema: mgeni hajui desturi zetu, akipewa sauti ataharibu. Twajibu kwamba ni kweli hajui, lakini kujua hutokana na kushiriki. Binti mmoja Myahudi, Bessie Abramowitz, alikuja Chicago kutoka milki ya Urusi, akajifunza Kiingereza katika masomo ya jioni ya Hull-House. Mwaka 1910 alikuwa miongoni mwa wasichana wachache waliotoka katika kiwanda cha nguo baada ya ujira wao kupunguzwa. Mgomo huo ulienea hata wakawa watu wapatao 40,000, nao walikuwa wa mataifa mengi. Baadaye akawa mmoja wa viongozi wa chama cha mafundi wa nguo kilichoundwa mwaka 1914. Aliyekuja kujifunza lugha aligeuka kuwa msemaji wa wengine.

Walakini mgeni naye ana deni. Apewaye jembe hana ruhusa ya kuliegemeza ukutani, kisha kulalamika kwamba shamba lina magugu. Na aliyeitwa kwenye shauri lazima asikilize pia, asilete tu manung'uniko ya watu wa kwao. Mwenyeji na mgeni hawawi ndugu kwa kuoneana huruma, bali kwa kuchoka pamoja katika kazi moja.

Sasa twafika penye neno gumu. Mwaka 1961 wakubwa wa mji wa Chicago waliamua kujenga chuo kikuu mahali pa mtaa ule. Aliyesimama kuwaongoza wakazi kuutetea alikuwa Florence Scala, mwana wa fundi cherehani Mwitalia, aliyelelewa karibu na Hull-House na kuitumikia kwa kujitolea. Pamoja naye alisimama Jessie Binford, mzee aliyefanya kazi katika nyumba ile kwa miaka mingi sana. Lakini wadhamini wa nyumba walikubali kuiuza, na mwaka 1963 wakazi walishindwa katika mahakama. Majengo mengi yakabomolewa. Nyumba ya kwanza imebaki kuwa makumbusho, na shirika lenyewe, lililoendelea kwingine, lilifungwa mwaka 2012 kwa kukosa fedha. Hatuyasemi haya ili kuidharau kazi njema ya miaka mingi. Twayasema kwa sababu majirani wale walikuwa na jembe tangu zamani, ila kiti katika baraza la mwisho hawakuwa nacho. Walipohitaji kusema juu ya nyumba yao, waliokata neno walikuwa wengine.

Basi, wazee na waalimu wa sharika, na tujichunguze. Miongoni mwetu wamo waliokuja kwa ajili ya kazi, waliooa au kuolewa kwetu, waliokimbia vita. Je, twawafahamu kwa majina yao, au twasema tu wale wa kuja? Wanafagia kanisa na kuimba katika kwaya, vema. Lakini yuko hata mmoja wao katika baraza la wazee? Sadaka ya maskini inapogawanywa, yuko mmoja wao ashikaye daftari? Tukijibu hapana, tumewapa jembe la siku ya tatu, lakini siku ya nne hatujaifikia.

Bwana wetu mwenyewe alikuwa mgeni Misri katika utoto wake. Atujalie macho ya kuona kile alichotia mkononi mwa kila mgeni, na unyenyekevu wa kusogea kidogo katika benchi letu, ili naye apate kukaa.